Hesabu za Mama wa Nyirinyiri

Siku ya ripoti hakuna aliyeruhusiwa kuketi. Mikeka iliviringishwa na kusimamishwa ukutani, viti viwili vya plastiki vikatolewa nje, na sisi watano tukabaki wima katika stoo yake nyembamba nyuma ya soko la Garissa, jasho likitutiririka chini ya mitandio, harufu ya samli na iliki ikiwa imeshika kila kitu, hata karatasi nilizokuwa nazo mkononi. Nilisoma mstari mmoja, nikanyamaza. Yeye akasema neno lake moja: "Nipeleke."

Nikisoma kwamba tuna mikebe arobaini, mshirika mmoja sharti aende kwenye rafu, aiguse mmoja mmoja na kuhesabu kwa sauti. Nikisoma kwamba tuna samli nusu ndoo, ndoo hufunuliwa na kijiti kikavu huingizwa ndani mpaka chini. Nikisoma fedha taslimu, noti hupangwa juu ya meza ya kukatia nyama, ambayo asubuhi hiyo ilikuwa imesuguliwa kwa chumvi na maji ya moto. Namba isiyoweza kumpeleka mtu mahali alitaka ifutwe. Nilipomweleza mara ya kwanza kwamba chuoni hatukufundishwa kusoma ripoti tukitembea, alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaamini tu?" akauliza.

Jina lake sitalitaja, kwa kuwa asingependa kulikuta kitabuni bila kuulizwa. Soko lilimwita Mama wa Nyirinyiri. Sisi wa umri mdogo tulimwita habaryar, yaani mama mdogo, kama tunavyowaita wanawake wote wa rika la mama zetu. Kazi yake ilikuwa nyirinyiri, ile nyama ya ngamia ambayo hukatwa vipande virefu, ikaanikwa, ikakatwakatwa tena hadi vipande vidogo kama kunde, ikakaangwa na kuzamishwa katika samli, ili ikae miezi bila kuharibika. Watu waliinunua kwa arusi, kwa safari na kwa Ramadhani. Mikebe yake ilivuka daraja kwenda Nairobi chini ya viti vya basi, na mingine ilipanda kaskazini mpaka Rhamu.

Nilikwenda kwake nikiwa nimetoka chuoni na stashahada ya uhasibu, pamoja na imani kwamba sehemu kubwa ya unyonge wa wafanyabiashara wetu wadogo hutokana na kutojua hali ya mali yao wenyewe. Imani hiyo ninayo mpaka leo, ingawa nimejifunza kuisema kwa sauti ya chini zaidi. Siku hiyo alikuwa anakata nyama na hakuweka kisu chini.

"Umesoma nini?"

"Uhasibu, habaryar."

"Miaka mingapi?"

"Miwili."

"Miaka miwili kuhesabu! Mimi nilijifunza wiki moja, dukani kwa mjomba, tena kwa makofi."

"Sikusoma kuhesabu tu. Nimesoma kuripoti. Kuwaeleza wenye mali mali yao iko vipi."

Hapo kisu kilisimama. "Hilo silijui," akasema. "Mimi wakiniuliza biashara iko vipi, nawaambia alhamdulillahi."

"Na wanaridhika?"

"Wawili wanaridhika. Dekha haridhiki. Dekha ukimpa maji ya kunywa ataomba risiti."

Washirika walikuwa wanne, yeye akiwamo. Dekha aliuza nguo safu ya tatu sokoni, na mtaji wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wengine wote isipokuwa wa Mama mwenyewe. Habiba alikuwa mjane mwenye watoto watatu; ndiye aliyekaanga. Wa nne, Mama Komora, alikuwa Mpokomo kutoka mashamba ya kando ya mto, mwanamke wa vicheko, aliyeingia ushirika kwa fedha za ndizi zake. Kwa ajili yake kitabu kiliandikwa kwa Kiswahili. Nilipopendekeza kuandika Kiingereza kama nilivyofunzwa, Mama alikataa. Dekha alipotaka Kisomali, alikataa pia. Alisema kitabu ambacho mshirika mmoja hawezi kukifuata kinamwambia mshirika huyo kwamba si mwenzetu. Kompyuta yangu aliiruhusu, kwa sharti kwamba kila nilichoandika humo kinakiliwe kwa kalamu kabla ya adhuhuri. "Ikizimika hiyo," alisema, "Dekha ataniua mimi, si wewe."

Kiswahili chake cha sokoni kilikuwa na haraka na hakikujali ngeli, lakini sijawahi kusikia Kiswahili kilichobana watu kuliko hicho. Kijana mmoja wa Mwingi alituletea mikebe mitupu ya plastiki. Siku moja ilipungua minne.

"Wewe nasema mia moja," Mama akamwambia. "Mimi nahesabu tisini na sita. Nne nakula nani? Ngamia?"

"Mama, ilivunjika njiani, barabara ni mbaya."

"Sawa. Leta fibande."

"Vipande? Vipande vya nini, Mama? Nimevitupa!"

"Basi hapana funjika. Imebotea."

Safari iliyofuata kijana alikuja na mfuko uliojaa plastiki iliyopasuka, akaumimina mlangoni kwa hasira. Mama alichuchumaa, akaunganisha vipande kimoja kimoja mpaka akapata mikebe mitatu, akamlipa kwa heshima, na akaniamuru niandike: *iliyovunjika mitatu, vipande vimeonekana.* Tangu siku hiyo kijana yule hakupoteza mkebe, na alianza kumwita hakimu.

Tulibishana sana juu ya nambari ya simu. Alipokea fedha za wateja katika simu ileile aliyotumiwa na watoto wake, na mwisho wa mwezi hatukujua kama elfu tatu fulani ilikuwa ya mikebe sita au ya dawa zake za presha. Nilidai laini ya pili kwa miezi minne. Aliona ni dharau, kana kwamba namshuku. Siku aliyokubali hakunieleza sababu, alinikabidhi tu kasimu kadogo ka vibonye na kusema, "Hii ya watu. Ile yangu." Na kuanzia hapo hata mwanawe alipokosea akatuma fedha kwenye simu ya biashara, alimrudishia kwanza, kisha akamwambia atume upya kunakostahili.

Lakini mtu huyohuyo alikuwa mkono wazi kiasi cha kunivuruga hesabu. Msafiri akipita, anajaziwa. Mgonjwa akitajwa, mkebe unaondoka. Nilipoona rafu zinapungua bila mauzo, nilimwomba niandike sadaka kama matumizi. Alikasirika: sadaka inayosomwa hadharani kila mwezi ni majigambo. Nami nikakasirika: nyama ile ni ya washirika wanne, na yeye hana ruhusa ya kutoa sadaka kwa mali ya Mama Komora. Nilidhani amenifukuza. Kesho yake alikuja na noti mkononi, akanunua mkebe mmoja kwa bei kamili, akataka risiti, akauweka kando ya mlango. Huo ndio uliokuwa wa wapita njia. Ukiisha, ananunua mwingine.

Alikuwa na udhaifu. Hakuwahi kufika arusini kabla chakula hakijaisha. Alimkatiza mtu akizungumza. Alikuwa na uchungu na wasichana waliosoma, uchungu aliouficha kwa mzaha, na nilichukua muda mrefu kutambua kwamba "msomi" aliponiita hakuwa ananicheka. Na kanuni yake ya kugusa kila kitu, ambayo sasa naifundisha, ilikuwa na tundu. Tundu hilo tuliliona pamoja, na aliyetuingiza humo ni mimi.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Nilisoma ripoti ya mwaka: faida shilingi elfu themanini. Fedha zilikuwa mezani. Dekha alizihesabu mara mbili, akilamba kidole. Washirika walikubaliana kugawana elfu sitini, kumi na tano kila mmoja, na kubakiza iliyosalia. Mama Komora alipiga vigelegele. Dekha alikunja noti zake na kusema jambo ambalo wote tulilisikia: "Nimewahi kushirikiana na watu ambao hesabu zao zilibadilika nilipokwisha kulipwa. Hapa zikibadilika, natoa mtaji wangu siku hiyohiyo."

Wiki mbili baadaye Shaabani ilikuwa inaelekea ukingoni, na Mama alitaka kukadiria zaka ya biashara kabla ya mwezi mtukufu, kama alivyofanya kila mwaka. Alikuwa anaosha visu. Aliniambia nijumlishe fedha, kisha bidhaa, kisha tunachowadai watu.

"Sasa ondoa madeni yetu," akasema.

"Hatuna madeni, habaryar." Nilisema kwa fahari. Nilikuwa nimewahimiza mwaka mzima tulipe mchinjaji na mwuza samli papo kwa papo.

"Na ayuuto?"

Ayuuto ni mchezo wa wanawake wa soko letu: kumi wanatoa kiasi sawa kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anapewa chote, mpaka wote wamefikiwa. Biashara yetu ilikuwa na zamu yake humo. Tulitoa elfu sita kwa mwezi, na mwezi wa nne wa mchezo, uliokuwa wa mwisho katika hesabu za mwaka, tukapewa elfu sitini.

"Ile tumekwisha kupokea," nikamjibu.

"Ndiyo," akasema. "Tumekwisha kupokea. Ndiyo maana nakuuliza."

Nilifunua kurasa za nyuma. Kila mwezi niliotoa elfu sita niliandika matumizi. Mwezi tulipopewa elfu sitini niliandika mapato. Hakuna mahali nilipoandika kwamba tulikuwa tumetoa mara nne tu, na kwamba miezi sita ilikuwa mbele yetu, elfu thelathini na sita za wanawake wengine ambao zamu zao hazijafika. Niliziita fedha zao faida yetu. Faida ya kweli ilikuwa elfu arobaini na nne. Tulikuwa tumegawana elfu kumi na sita ambazo hatukuwa nazo, elfu nne kwa kila mshirika.

Mama aliweka kisu chini na kufuta mikono. Jambo lililomshangaza halikuwa kosa langu. "Niliziona," alirudia. "Dekha alizihesabu. Zilikuwa pale mezani." Alitazama meza kana kwamba imemsaliti. Macho yetu yalikuwa yamekagua kila kilichokuwamo stooni, na wenye zile fedha hawakuwamo stooni.

Niliyomwambia baadaye ninayaandika hapa kwa aibu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikihubiri uwazi. Nilimwambia kwamba si lazima tuseme. Mwaka ujao ningepunguza faida kidogokidogo, pengo lingezibika, na hakuna ambaye angegundua. Nilimkumbusha kauli ya Dekha. Nyama ya Ramadhani ilipaswa kununuliwa baada ya siku tisa, na bila mtaji wa Dekha tusingeweza kununua hata nusu yake. Kwa biashara ya nyirinyiri, Ramadhani ndiyo mwaka wenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa amelizoea. Kisha akauliza, "Siku ya kwanza ulisema umesomea nini?"

"Kuwaeleza wenye mali mali yao iko vipi."

"Vaa viatu."

Tulikwenda kwa miguu, jua likiwa utosini. Nilipogeuka kuelekea kwa Mama Komora, ambaye angecheka, alinishika kiwiko. "Tuanze na yule ninayemwogopa."

Dekha alikuwa anapima kitambaa. Mama hakuketi, wala hakukubali chai. Alisema yote kwa mpangilio: kiasi, sababu, fungu la kila mmoja.

"Kwa hiyo karani wako amekosea," Dekha akasema, akinitazama.

"Ripoti imekosea. Ripoti ni yangu."

"Aliyeandika ni yeye."

"Na aliyesema sawa ni mimi. Usimtazame yeye, walaal. Nitazame mimi."

Walaal ni ndugu. Dekha aliendelea kukata kitambaa mpaka mwisho wa mstari, akampa mteja wake, akapokea malipo. Kisha akatoa elfu nne kwenye mkoba na kuziweka juu ya majora. "Deni la watu hilo, chukueni. Na mtaji wangu nautaka kabla ya mwezi kuandama."

"Utaupata," Mama akasema.

Mama Komora alicheka kama nilivyotarajia, kisha akashika mdomo. "Yaani lile godoro nililonunua! Usiku wote nalalia zamu za wanawake wa soko?" Alilipa siku ya tatu, kwa mikungu ya ndizi iliyopimwa na kuandikwa bei.

Kwa Habiba hakukuwa na kicheko. Alitutazama, akatazama chini. "Nimelipa karo, habaryar. Haipo."

"Sikuja kuichukua leo. Nimekuja kukwambia."

"Nisamehe basi."

Niliamini angemsamehe. Mkebe wa wapita njia ulikuwa umelisha nyumba ile mara nyingi. Mama akasema, "Ingekuwa yangu, ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Ni ya Mama Komora pia. Ni ya Dekha mpaka atoke. Siwezi kukupa vyao." Aliniagiza nifungue ukurasa wenye jina la Habiba na kuandika elfu nne. Habiba alilipa mia tano mia tano, na kila alipolipa alitaka kuuona mstari ukiandikwa. Alianza kwa kuukagua mstari wake, akaendelea na mistari ya jirani.

Dekha alirudishiwa mtaji wake wote siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Ramadhani ile tulinunua nyama chini ya nusu. Wateja wa Nairobi walipiga simu tukawaambia imekwisha, na mmoja alihamia kwa mwingine na hajarudi. Sitaki msomaji afikirie kwamba ukweli ulitulipa haraka. Ulitugharimu, na Mama aliijua gharama kabla ya kuvaa viatu.

Kisha akaibadilisha kanuni yake, akiwa na umri ambao watu wengi hawabadilishi hata njia ya kwenda msikitini. Siku ya ripoti, tulipomaliza kugusa vitu, tulitoka nje. Mwenye kuweka daftari la ayuuto aliulizwa mbele yetu sote: tumetoa mara ngapi, tumebakiza ngapi? Mchinjaji aliulizwa. Mwuza samli aliulizwa. Majibu yao niliyaandika katika ukurasa aliouita *Watu*, na hakuna faida iliyotajwa kabla ukurasa huo haujafungwa. Wachuuzi walituona tukizunguka na kitabu, wakauliza kuna msiba gani. Mwaka wa pili wa mzunguko huo, wawili kati yao waliniomba niwafungulie ukurasa kama ule.

Mwaka huohuo Dekha alikuja bila kualikwa. Alisimama mlangoni na mkoba kwapani, akasikiliza tangu mikebe hadi *Watu*, akatufuata nyuma hatua kumi tulipozunguka. Wiki iliyofuata alirudisha mtaji wake, pungufu ya ule wa awali, na kudai nakala ya kitabu kila mwezi. "Umeona?" Mama alininong'oneza. "Risiti."

Sasa ninafanya kazi Bura, upande wa Fafi, nikiwafundisha wenye maduka na wauza mifugo kuandika taarifa za biashara zao. Mwaka jana Mama alinitumia ujumbe kwamba ripoti ni Jumamosi. Nilipanda gari alfajiri. Nilimkuta amekonda, macho yake hayaoni tena maandishi, ameegemea ukuta kwa bega. Karani alikuwa Habiba. Ule ukurasa wenye jina lake ndio uliomfundisha kazi. Ulikuwa mwaka wa ukame. Ngamia walikuwa mifupa, nyama ghali, samli ghali zaidi, na arusi chache.

Vitu viliguswa. Watu waliulizwa. Kisha Habiba akafika mstari wa mwisho, na sauti yake ikazama.

"Hasara," akasema, "elfu ishirini na saba."

"Sijasikia," Mama akasema.

"Hasara, habaryar."

"Mwaka juzi faida uliisoma mpaka wauza mboga wakajua. Isome hii vilevile."

Habiba alivuta pumzi na kuisoma upya, kwa nguvu, kila neno. Nje kuna mtu aligeuka kututazama. Mimi nilimtazama Dekha, kwa sababu nilijua nyama ya Ramadhani haijanunuliwa bado, na kwa sababu mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkoba.

Alitoa miwani. Aliivaa, akachukua kitabu kutoka kwa Habiba, akafuata mistari kwa kidole kutoka juu hadi chini, akageuza ukurasa, akarudi nyuma.

"Samli imepanda hivi?"

"Imepanda," Habiba akajibu.

"Na mchinjaji tunamdai, au anatudai?"

"Anatudai elfu mbili. Uliuliza mwenyewe."

"Niliuliza." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Haya. Jumatatu nyama tunachukua kwa nani?"

Mama wa Nyirinyiri hakunitazama, wala hakuonyesha kwamba jambo lolote limetokea. Alianza kutaja bei.